Paka Aliyezidiwa na Mapenzi: Mwongozo Kamili wa Kumpenda kwa Vipimo

Paka anayependwa na watu watano hula mara tano. Mama humpa kichwa cha samaki anapopara, mtoto humtupia ukoko wa wali, baba humwachia maziwa ya mwisho kwenye kikombe, bibi ana kopo lake la dagaa chini ya kitanda, na jirani hajui kwamba huyo paka kwao keshakula. Hakuna aliyezidisha. Kila mmoja alimpa kidogo tu. Mwaka ukiisha, paka wa kilo nne ana kilo sita, hafiki tena kujilamba mgongoni, na wageni wakimwona wanasema, "Mashallah, amenawiri."

Pwani yetu mapenzi ya paka yana mizizi mirefu. Aliyefika Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja amewaona wamelala barazani kama wenye nyumba. Wazee husema paka wa nyumba haingwa, na wengi wamekua wakiisikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kumnyima paka kunaonekana karibu na dhambi. Mwongozo huu haumwombi mtu apunguze mapenzi. Unamwonyesha pa kuyapeleka, kwa sababu mwili wa paka ni mdogo na sisi humpimia kwa mkono wa binadamu.

Mguse kwanza, kisha mpime

Macho ya anayempenda hayaoni unene. Tumia vidole. Paka akiwa amesimama, weka viganja viwili ubavuni mwake, huku na huku, upitishe vidole bila kukandamiza. Sasa linganisha na mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi uguse vifundo: mbavu zikihisika hivyo, paka amekonda. Nyoosha mkono uguse mgongo wa kiganja, pale mifupa inapohisika chini ya ngozi nyembamba: hivyo ndivyo mbavu za paka mwenye uzito mzuri zinavyohisika. Geuza uguse upande wa ndani wa kiganja, penye nyama: ikibidi ukandamize hivyo ndipo uzipate mbavu, amenenepa.

Halafu mtazame kutoka juu. Nyuma ya mbavu panatakiwa kuwe na kiuno, hata kama ni kidogo. Paka aliyezidi huonekana kama yai au kama mto. Usidanganywe na ngozi inayoning'inia tumboni karibu na miguu ya nyuma, maana hiyo ni maumbile, paka wengi wembamba wanayo na huyumba wanapotembea. Ishike: ikiwa ni ngozi tupu iache, ikiwa imejaa na nzito, hayo ni mafuta.

Madaktari wa wanyama hutumia kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 5 ndiyo hali nzuri. Kila namba juu ya 5 ni ziada ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito. Mwenye 8, basi, amebeba bure ziada ya kama theluthi moja ya uzito unaomfaa, sawa na mtu wa kilo 60 anayepanda ngazi na gunia la kilo 20 mgongoni kila siku.

Mizani ya chumbani ya kusimama haifai, kwa kuwa hukosea gramu mia mbili tatu na wewe unatafuta badiliko la gramu sitini kwa wiki. Chukua ile mizani ndogo ya ndoano ya kupimia mizigo ya safari, inayosoma hadi gramu kumi, tundika kikapu imara chenye mpini, isome ikiwa na kikapu kitupu, kisha muweke paka ndani na usome tena. Tofauti ndiyo uzito wake. Mizani ya kliniki ya watoto wachanga ni nzuri zaidi ukiipata. Pima siku ileile ya wiki, asubuhi, kabla hajala, na uandike. Anayepima leo baada ya futari na wiki ijayo kabla ya chakula atajidanganya mwenyewe.

Hesabu ya sahani

Hapa usikadirie. Simu yoyote yenye kikokotoo inatosha. Chukua uzito ambao paka *anatakiwa* kuwa nao, si alio nao. Uzidishe kwa wenyewe mara tatu, upate kipeuo cha pili (alama √) mara mbili mfululizo, kisha zidisha kwa 70. Kwa paka wa kilo 4: 4 × 4 × 4 ni 64, kipeuo cha pili cha 64 ni 8, kipeuo cha pili cha 8 ni 2.83, mara 70 ni kama 198. Hizo ndizo kalori ambazo mwili wake unatumia kwa siku akiwa amelala tu.

Paka mzima aliyefungwa uzazi anayekaa nyumbani anahitaji hesabu hiyo mara 1.2, yaani karibu kalori 238 kwa huyu wetu. Anayetakiwa kupungua apewe mara 0.8, yaani kalori 158. Ukifuata njia hiyohiyo, paka anayetakiwa kuwa na kilo 3 hupunguzwa kwa kalori 128, wa kilo 3.5 kwa 143, wa kilo 4.5 kwa 173, na wa kilo 5 kwa 187.

Sasa tazama namba hizo zinakuwa nini jikoni. Chakula kikavu cha pakiti kwa kawaida kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100; namba kamili imeandikwa kwenye pakiti. Kalori 158 ni kama gramu 42. Mimina kwenye kiganja utashtuka: ni konzi moja. Pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa kikombe, kwa sababu mkono unaopenda hujaza kikombe hadi kilele kila mara. Kuku aliyechemshwa bila ngozi wala mifupa ana kalori 165 kwa gramu 100. Yai moja la kuchemsha ni kama 75. Na maziwa, ambayo watu hawayahesabu kama chakula: mililita 100 za maziwa halisi zina kalori 60 na kitu. Nusu kikombe cha chai ni robo ya mahitaji ya siku ya paka wa kilo 4, na juu ya hayo paka wengi wazima hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, ndiyo maana huharisha. Yatoe kabisa, mpe maji.

Sasa onyo moja ambalo lisomwe mara mbili. Paka mnene hafungishwi. Binadamu akikaa siku mbili bila kula atapungua, lakini paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyachakata, na ini hushindwa. Dalili ni kutapika, mate kumtoka, kulegea, kisha umanjano ndani ya masikio na kwenye fizi. Bila matibabu wengi hufa. Kwa hiyo kamwe usiseme "akisikia njaa atakula tu." Akikataa chakula saa 24, mrudishie chakula alichokizoea. Akikataa na hicho, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Kwa sababu hiyohiyo chakula kipya huingizwa polepole. Siku mbili au tatu za kwanza robo iwe kipya na robo tatu cha zamani; siku mbili tatu zinazofuata nusu kwa nusu; halafu robo tatu kwa robo; kufikia siku ya nane au ya kumi kiwe kipya kitupu.

Kasi nzuri ya kupungua ni asilimia 1 ya uzito kwa wiki, na isizidi 2. Wa kilo 6 apungue gramu 60 kwa wiki. Akipungua zaidi ya gramu 120, mwongezee chakula. Kama ana kilo moja na nusu ya kutoa, ni safari ya miezi sita, si ya mwezi mmoja wa mfungo. Akikaa wiki tatu bila kushuka hata kidogo, kwanza tafuta nani anampa kwa siri. Usipompata, punguza asilimia 10.

Mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto wa chini ya mwaka, mgonjwa wa kisukari au wa figo asianzishiwe haya bila daktari wa wanyama. Na dume mnene anayekaa ndani akionekana anakwenda na kurudi kwenye sanduku la mchanga, anajikaza na mkojo hautoki, huo si ukaidi wala si kufunga choo. Njia ya mkojo imeziba. Ana siku moja au mbili tu, pengine saa chache, kabla sumu haijaufikia moyo. Usisubiri kupambazuke.

Kama chakula kinatoka jikoni kwako

Wengi wetu hatununui pakiti, na si lazima. Lakini paka si mbwa mdogo. Ni mnyama wa nyama, na kuna vitu mwili wake hauwezi kujitengenezea. Kikubwa ni taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki na kisichokuwemo kabisa kwenye ugali au wali. Akikikosa kwa miezi, macho hufifia na moyo hutanuka na kulegea. Uhusiano huo na moyo ulithibitishwa mwaka 1987. Paka wa ugali na mchuzi anaweza kuwa mnene na hapohapo akawa na utapiamlo.

Dagaa ni chakula kizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu huliwa wazima na mifupa yao inampa kalsiamu. Wachague, waloweke kwenye maji ya moto nusu saa, uwasugue na kumwaga maji hayo. Chini ya sufuria utaona mchanga wa walikoanikwa, na wale wa pwani wanaochemshwa kwa chumvi hapo ndipo chumvi inapotoka. Kisha wachemshe dakika kumi kwa maji machache mapya bila kitu chochote. Usimpe wabichi, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyeikosa huanza kuyumba na kuinamisha shingo. Kupika kunakiua kimeng'enya hicho. Maji ya mwisho usiyamwage, changanya kwenye chakula, maana taurini huyeyukia humo. Na usisahau kwamba dagaa wakavu wametolewa maji: gramu kwa gramu wana nguvu kama mara tatu ya samaki mbichi. Lile kopo la bibi si kidogo.

Samaki wa mafuta kila siku, na samaki peke yake, pia haifai. Huchosha akiba ya vitamini E na mafuta ya mwili huvimba kwa maumivu. Siku nyingine mpe kuku, hasa paja, au moyo wa ng'ombe, ambao una taurini nyingi. Nyama isiyo na mfupa iongezewe unga wa maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo. Bila hivyo kitoto cha paka kinachokula nyama tupu huvunjika mifupa kwa kuruka tu kutoka kitini. Ini mpe kijiko kimoja cha chakula kwa wiki, basi. Analipenda mno, na paka anayelishwa ini kila siku hurundika vitamini A hadi pingili za shingo zikashikana, asiweze kugeuza kichwa.

Kwa ujumla chakula cha jikoni pekee, mwaka mzima, ni kigumu kukisawazisha. Anayeweza kuchanganya na pakiti nzuri na achanganye, nusu kwa nusu ya kalori.

Halafu kuna mabaki. Pilau, biriani, mchuzi wa nazi, samaki wa kupaka: vyote vimepita kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili hupasua chembe nyekundu za damu ya paka. Kukaanga hakusaidii, na kuondoa vipande hakusaidii, kwa sababu sumu imeshaingia kwenye mchuzi. Mtengee chake kabla hujatia viungo.

Kopo la siku

Mpango mzuri huvunjwa na watu, si na paka. Dawa yake ni kopo moja lenye mfuniko. Kila asubuhi mtu mmoja, mmoja tu, anapima chakula chote cha siku hiyo na kukitia ndani. Kila anayetaka kumpa paka kitu achukue humo. Likiisha, limeisha. Uzuri wa njia hii ni kwamba haimnyimi bibi raha ya kulisha. Anaendelea kutoa, ila anatoa kutoka hazina ya wote. Mwenye hamu ya kumpa paka kipande cha kuku mezani akiweke kwenye mizani na kitolewe kwenye hesabu. Vya nyongeza visizidi asilimia 10 ya kalori za siku.

Kwa majirani na wauza samaki, mvishe ukosi unaofunguka wenyewe ukivutwa, ili asijinyonge akinasa kwenye tawi, uandike juu yake kwa kalamu isiyofutika: NIMEKULA, USINIPE. Inafanya kazi kuliko kugombana.

Gawa chakula mara tatu au nne kwa siku. Tumbo la paka limeumbwa kwa panya mdogo mmoja sasa na mwingine baadaye, na sahani ndogondogo humtuliza kuliko moja kubwa.

Kilio cha saa kumi alfajiri

Hapa ndipo mwenye mapenzi hushindwa. Paka atakuja kifuani, atalia, atakuparua mguu. Ukiinuka ukampa, umemlipa kwa kulia. Usiinuke, usimkemee, usimtazame. Hata kukemewa kwake ni jibu. Siku za kwanza kilio kitapanda. Hiyo ni kawaida ya tabia yoyote inayoacha kulipwa, hujaribu kwa nguvu kabla ya kuacha. Wengi hunyamaza ndani ya wiki moja hadi mbili. Lakini ukisalimu amri siku ya tisa, umemfundisha kwamba siku tisa ndicho kipimo, na mara nyingine atalia tisa bila kuchoka. Kama nyumba ina mtu asiyeweza kuvumilia, ni heri sehemu ya chakula cha siku itolewe saa nne usiku kabla ya kulala, ili alfajiri imkute hajawa na njaa sana. Chakula cha kwanza cha asubuhi kisitolewe mara tu mtu anapoamka. Kwanza sala, chai, ufagio, ndipo sahani. Akili yake itaacha kuunganisha macho yako kufunguka na chakula.

Mapenzi yasiyoliwa

Mkono uliozoea kutoa chakula hauwezi kubaki mtupu. Upe kazi nyingine. Chukua trei ya karatasi ya mayai thelathini, utie punje za chakula chake kwenye vishimo, chache huku na chache kule, na juu ya vingine uweke vipande vya karatasi vilivyofinyangwa. Atazitoa kwa ukucha moja moja, na chakula cha dakika mbili kitamchukua robo saa. Punje nyingine zirushe kwenye korido aziendee mbio. Mara mbili kwa siku, dakika kumi kila mara, burura kamba yenye unyoya mwishoni. Iende kama panya, isimame, ijifiche nyuma ya mlango, na mwisho mwache aikamate. Ukimaliza ifungie kabatini. Uzi ukimezwa huchana utumbo, na ni moja ya sababu za paka wa nyumbani kupasuliwa.

Kuhusu kumshika: paka wengi hupenda mashavu, chini ya kidevu na mbele ya masikio, na hawapendi tumbo. Mpapase sekunde tatu, kisha ondoa mkono. Akiusogelea, endelea. Akitulia tu au akigeuza uso, mwache. Mkia ukipiga huku na huku, masikio yakienda pembeni, ngozi ya mgongo ikitetema, amekwisha kusema. Kumbeba mgongoni kama mtoto, kumvisha nguo, kumnyunyizia manukato: hayo humpendeza anayetenda. Manukato huyalamba yote usiku, na nguo katika joto la Tanga au Mombasa ni mateso kwa mnyama asiyetoka jasho isipokuwa kwenye nyayo.

Dawa ya binadamu

Anayempenda paka kama mtoto humpa dawa ya mtoto, na hili huweza kumuua. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali nyingi ambazo kwetu ni za kawaida.

Parasetamoli ni ya kwanza. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Fizi hugeuka rangi ya udongo au samawati, uso na nyayo huvimba, anahema. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama. Ibuprofeni na diklofenaki huharibu tumbo na figo. Dawa za kupe na viroboto zenye permethrini, ambazo ni salama kwa mbwa, humtia paka mtetemeko na degedege. Usitumie kamwe dawa ya mbwa kwa paka kwa kugawa nusu, wala unga au maji ya kuogeshea ng'ombe. Dawa ya kusafishia sakafu inayogeuka nyeupe ukiitia majini mara nyingi huwa na kemikali za jamii ya fenoli, akiikanyaga atailamba. Na mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba, yasipakwe kwenye jino wala kidonda cha paka, kwa kuwa yana kiini cha jamii hiyohiyo.

Akishakula sumu, usimtapishe kwa chumvi wala kumnywesha maziwa au mafuta ya kula, huvutwa mapafuni. Chukua pakiti ya alichokula, tazama saa, nenda kwa daktari. Kama ni kitu alichopakwa mwilini, mwogeshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, umkaushe, kisha nenda.

Kulala naye kitandani hakuna ubaya kama amechanjwa kichaa cha mbwa, amepewa dawa ya minyoo na hana viroboto. Busu la mdomoni liache. Mchanga wa choo chake uchotwe kila siku, maana vijidudu vya toksoplazma, ambavyo hutoka na kinyesi cha paka na huweza kudhuru mimba, huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Choo cha jana ndicho cha kuogopwa. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Vipara vya mviringo kwenye manyoya mara nyingi ni choa, nacho huwahamia watoto. Aking'ata mtu akatoa damu, hata kama ni kipenzi, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Paka wa saba

Kuna upendo unaonenepesha paka mmoja, na kuna unaojaza nyumba. Huanza na kitoto kilichotupwa sokoni, halafu cha pili, halafu watu wa mtaa wanajua mlango wa kuwaachia maboksi. Mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65, jike anaweza kushika akiwa na miezi minne, na anaweza kushika tena huku bado ananyonyesha. Kwa hiyo kufunga uzazi ndiyo kazi ya kwanza ya mwenye huruma, kabla ya chakula: jike na dume, kuanzia miezi minne. Baada ya hapo aliye mzima mpunguzie chakula kwa robo, kwa sababu mahitaji yake hushuka na hamu hupanda. Ndipo unene mwingi unapoanzia.

Kabla hujamwingiza mpya, jibu haya kwa ukweli. Wote waliopo wamefungwa uzazi na kuchanjwa? Masanduku ya mchanga au maranda ni idadi ya paka na moja zaidi, kila moja refu mara moja na nusu ya paka? Una fedha ya kumtibu mmoja wao wiki hii bila kukopa? Unaweza kuwataja wote na kusema kila mmoja alikula nini jana? Jibu moja likiwa hapana, mtafutie kitoto kwao pengine, au msaidie alipo. Nyumba inayonuka mkojo hadi macho yanawasha imewazidi wanyama kabla haijamzidi mtu; mafua na minyoo huzunguka humo bila kwisha.

Mpya akiingia, akae chumba cha peke yake siku 14, na vyombo vyake, na wewe unawe mikono unapotoka.

Wa barabarani wapewe mara moja kwa siku, mahali pamoja, saa ileile, sahani iondolewe baada ya nusu saa ili panya na kunguru wasialikwe. Ukishawazoesha hivyo ni rahisi kuwanasa kwa ajili ya upasuaji, mmoja mmoja. Mwenye ncha ya sikio iliyokatwa sawasawa ameshafanyiwa, usimsumbue tena.

Akifika mwisho

Anayempenda mno humkawiza. Paka huficha maumivu, basi mtazame usoni: masikio yaliyopinduka pembeni, macho yaliyofinywa, pua na mdomo vilivyokaza, masharubu yaliyonyooka badala ya kulegea, kichwa kilichoinama chini ya mabega. Haya ndiyo mambo matano ambayo madaktari huyapima. Andika orodha ya vitu vitano alivyovipenda, kama jua la dirishani, kujilamba, kukupokea mlangoni. Kwenye kalenda weka alama ya siku njema na siku mbaya. Mbaya zikizidi njema wiki mbili mfululizo, na vitatu kati ya vile vitano vimetoweka, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha. Huanza kwa sindano ya usingizi. Akishalala hupewa ya pili, dawa ya nusukaputi kwa kipimo kikubwa, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Unaweza kumshika muda wote. Waache paka wengine wamnuse kama wanataka.

Mzike kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima, na uweke mawe juu kabla ya udongo wa mwisho. Dawa ile hubaki mwilini mwake muda mrefu, na mbwa au tai akimla anaweza kufa naye.